Mtoto hakupelekwa kliniki, faini alipe nani?

Karibu kila nyumba yenye mtoto ina kadi au karatasi iliyoandikwa tarehe ya kurudi hospitali. Huwekwa kabatini, kwenye mkoba wa mama au hubandikwa kwenye mlango wa jokofu, halafu maisha yanaendelea. Siku ikifika kuna mvua, kuna zamu kazini, kuna mtoto mwingine mwenye homa, au tarehe yenyewe imeshasahaulika. Muuguzi anaita jina mara mbili, mara tatu. Hakuna anayeitikia.

Je, mzazi wa mtoto huyo atozwe faini?

Swali hili limebishaniwa kwa miaka mingi katika nchi za Ulaya, na kwa ukali zaidi Uingereza, ambako matibabu ya hospitali za umma hulipiwa na kodi za wananchi na mgonjwa hatoi fedha dirishani. Majibu yaliyopatikana huko, mengine ya kushangaza, yana la kumwambia mzazi yeyote mwenye mtoto anayehudhuria kliniki, awe anaishi Manchester, Mombasa au Mbeya.

Kiti kitupu kina gharama

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, inayojulikana kwa kifupi kama NHS, ilianza Julai 5, 1948, wakati Aneurin Bevan akiwa Waziri wa Afya. Msingi wake ulikuwa mmoja: mgonjwa atibiwe kwa sababu anaumwa, si kwa sababu ana fedha. Msingi huo Waingereza wanaulinda kama mboni ya jicho mpaka leo.

Lakini kitu kisicholipiwa papo hapo ni rahisi kusahau kwamba kina gharama. Katika England peke yake, miadi ya hospitali ya wagonjwa wa nje inayopotea kila mwaka kwa mgonjwa kutotokea na kutotoa taarifa inahesabika kwa mamilioni, kati ya 7 na 8. Wasimamizi wa huduma hiyo wamekadiria hasara yake kuwa zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mwaka.

Hesabu hiyo si vigumu kuielewa. Daktari bingwa amekwishalipwa mshahara wa siku hiyo. Muuguzi yupo. Chumba kimewashwa taa, faili limetolewa, na pengine mkalimani ameitwa kwa ajili ya familia isiyozungumza Kiingereza. Mgonjwa asipotokea, nafasi hiyo haihifadhiwi mpaka kesho. Imekwenda.

Mwenye kuumia zaidi ni mgonjwa mwingine. Mwaka 2023 foleni ya wanaosubiri matibabu ya hospitali England ilipita milioni 7.5. Ndani ya foleni hiyo kuna mtoto anayesubiri kupimwa masikio, na mama yake angekuwa tayari kuacha kila kitu kuifuata nafasi ile iliyoachwa wazi na mwenzake, kama tu angeambiwa siku moja kabla kwamba ipo.

Kwa hiyo wanaotaka faini si watu wasio na huruma. Hoja yao ni ya haki. Aliyechukua nafasi ya pamoja, akaiacha ipotee bila hata kupiga simu, amewanyima wenzake. Wanauliza: kwa nini abiria aliyekosa ndege apoteze nauli yake, lakini aliyekosa daktari asipoteze chochote?

Pauni 10 zilizozua mjadala

Katikati ya mwaka 2022, Rishi Sunak alipokuwa akiwania uongozi wa chama cha Conservative, aliahidi kwamba mgonjwa atakayekosa miadi bila kutoa taarifa ya kutosha atatozwa pauni 10. Kosa la kwanza lingesamehewa. Hatua hiyo, alisema, ingekuwa ya muda, kwa lengo la kupunguza foleni zilizorundikana baada ya janga la korona.

Chama cha madaktari wa Uingereza kiliipinga haraka. Wasiwasi wa madaktari ulikuwa kwamba kuanza kumtoza mgonjwa, hata kwa kiasi kidogo, ni kuufungua mlango uliofungwa tangu 1948, na kwamba utaratibu wenyewe ungeongeza matatizo badala ya kuyapunguza. Sunak aliingia madarakani kama Waziri Mkuu Oktoba mwaka huohuo. Ndani ya muda mfupi mpango huo uliwekwa kando.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii wanapotaja faini: faini nayo ina gharama. Lazima awepo mtu wa kuandika ankara, wa kuituma, wa kufuatilia asiyelipa, na wa kusikiliza rufaa ya anayesema barua ilimfikia siku mbili baada ya miadi, au kwamba alipiga simu nusu saa bila kupokelewa. Muuguzi anayebishana na mzazi kuhusu pauni 10 ni muuguzi ambaye hapimi mtoto joto.

Waliojaribu walipata nini?

Zipo nchi ambazo hazikuishia kwenye maneno. Norway humtoza mgonjwa wa nje asiyefika hospitali bila kutoa taarifa mapema, na kiasi chenyewe si cha mchezo: kinazidi kroner 1,000. Finland pia inaruhusu kutoza, kwa viwango vinavyozidi euro 50, lakini sheria yake inamtazama tofauti mtoto. Ada hiyo hutozwa kwa mwenye miaka 15 na kuendelea. Mtoto wa chini ya umri huo hahukumiwi kwa miadi ambayo hana uwezo wa kujipeleka.

Ufaransa, Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo Gabriel Attal alitangaza mpango wa kumtoza euro 5 mgonjwa anayekosa miadi bila kutoa taarifa saa 24 kabla. Madaktari wa huko walikuwa wamekadiria kwamba miadi milioni 27 hupotea kila mwaka. Lugha ya mtaani ya Wafaransa huita kumsubirisha mtu bure "kumwekea sungura", na haikuchukua muda kabla ya tozo hiyo kubatizwa jina la kodi ya sungura.

Denmark ilichukua njia ya busara zaidi: kabla ya kuamua, ilipima. Watafiti waliwagawa wagonjwa wa kliniki za nje za hospitali ya umma katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liliambiwa kwamba asiyefika atatozwa kroner 250 za Denmark, karibu euro 34. Kundi la pili halikutishiwa chochote. Miadi zaidi ya 6,700 ilihusishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018.

Makundi yote mawili yalikosa miadi kwa kiwango kilekile, karibu asilimia 5. Faini haikubadili kitu.

Kwa nini? Jibu moja ni kwamba mtu aliyesahau hakumbushwi na faini aliyokwishaisahau pamoja na tarehe. Na mtu aliyezuiwa na kazi, ugonjwa au nauli, anajua fika kwamba atatozwa, lakini bado hana njia.

Kisa cha chekechea za Haifa

Kuna utafiti mwingine ambao mzazi yeyote atauelewa haraka, kwa sababu unawahusu wazazi wenyewe. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, waliufanya katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, na kuuchapisha mwaka 2000.

Tatizo lilikuwa linalojulikana na kila mwalimu wa chekechea: wazazi wanaochelewa kuwafuata watoto jioni. Baadhi ya vituo vikaweka faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10. Kila mtu alitarajia uchelewaji upungue.

Uliongezeka. Katika vituo vilivyotoza faini, idadi ya wazazi waliochelewa ilipanda mpaka karibu mara mbili. Na faini ilipofutwa baadaye, wazazi hawakurudi kwenye tabia yao ya zamani. Waliendelea kuchelewa vilevile.

Maelezo ya watafiti ni kwamba kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alimwonea mwalimu haya. Alikuwa anamkosea mtu. Faini ilipokuja, haya ikaondoka na bei ikachukua nafasi yake: nimechelewa, nitalipa, tumemalizana. Deni la utu likageuka kuwa malipo ya huduma.

Hilo ndilo jambo la kuogopa zaidi hospitalini. Mwenye uwezo anaweza kuiona faini kama bei ya kutokwenda, akailipa na kulala usingizi. Asiye na uwezo anaweza kuiona kama deni linalomsubiri mlangoni, na ili asidaiwe, hatarudi kabisa. Wa kwanza haadibiki, wa pili anapotea.

Mtoto hakosi miadi, hapelekwi

Kwa miaka mingi, faili la mtoto asiyefika kliniki nchini Uingereza liliandikwa maneno yaleyale ya mtu mzima: "Hakuhudhuria." Baadaye wataalamu wa ulinzi wa watoto wakaanza kuuliza swali ambalo, likishasemwa, linaonekana jepesi. Mtoto wa miaka mitatu anahudhuriaje? Anapanda basi mwenyewe?

Ndipo hospitali na kliniki nyingi huko zikaanza kuandika "Hakupelekwa." Mwaka 2017 mji wa Nottingham ulitengeneza filamu fupi ya katuni kuwaeleza wahudumu wa afya tofauti ya maneno hayo mawili.

Tofauti yenyewe si ya lugha tu. "Hakuhudhuria" hufunga faili: mgonjwa hakutaka, aondolewe kwenye orodha, apewe mwingine nafasi. "Hakupelekwa" huacha faili wazi na kumlazimisha mhudumu aulize. Kwa nini hakupelekwa? Mama yake anaumwa? Wamehama? Kuna ugomvi nyumbani? Ni mara ya kwanza au ya nne? Wakati mwingine mfululizo wa miadi iliyokosekana ndiyo dalili ya mwanzo kwamba nyumba fulani imezidiwa, au kwamba kuna mtoto ambaye hakuna anayemwangalia.

Na gharama ya mtoto kutopelekwa haisomeki kwenye vitabu vya hospitali. Chukua mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Kwa njia ya Ponseti, inayotumika pia katika kliniki za Afrika Mashariki, mguu hunyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida kwa wiki 5 hadi 8, kisha mtoto huvalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, na baadaye huvaa usiku tu kwa miaka kadhaa. Plasta ya wiki hii ndiyo inayoandaa ya wiki ijayo. Miadi ikirukwa, safari hurudi nyuma, na familia ikiacha viatu mapema mguu unaweza kupinda tena.

Au mtoto mwenye makengeza. Jicho linaloachwa bila kutumika huzoea uvivu, na ubongo huacha kulisikiliza. Matibabu hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo, kabla ya kufika miaka saba hivi. Miadi ya macho iliyoahirishwa mwaka huu na mwaka ujao inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kuona kwa macho mawili au moja.

Ndiyo maana swali la faini kwa wazazi ni zito kuliko linavyoonekana. Mtoto amekwishalipa mara moja kwa kutopelekwa. Faini ikitoka kwenye fedha za chakula au nauli ya nyumba hiyohiyo, analipa mara ya pili.

Wanaokosa ni akina nani?

Wapo wazembe, na haifai kuficha. Wapo wanaopata nafuu wakaona hakuna haja ya kurudi, na hawakumbuki kutoa taarifa. Lakini watafiti wa Scotland waliochunguza kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 500,000 wa madaktari wa familia walipata sura nyingine. Wanaokosa miadi mara kwa mara walikuwa zaidi watu wa maeneo maskini, na wenye maradhi mengi kwa wakati mmoja.

Matokeo yao ya mwaka 2019 yalitisha zaidi. Wenye maradhi sugu ya mwili waliokosa miadi zaidi ya miwili kwa mwaka walikuwa na hatari ya kufa iliyo mara tatu ya wale wasiokosa. Kwa wenye matatizo ya akili peke yake, hatari hiyo ilikuwa mara nane.

Kwa maneno mengine, kiti kitupu mara nyingi si cha mtu aliyepona akaenda matembezini. Ni cha mtu ambaye hali yake inazidi kuharibika. Kumwongezea deni mtu huyo ni kumsukuma mbali na mlango ambao ndiyo uliobaki wa kumsaidia.

Ujumbe mmoja wa simu

Kama faini haifanyi kazi, nini kinafanya kazi? Jibu ni jepesi kiasi cha kuaibisha: kumkumbusha mtu, na kumkumbusha vizuri.

Katika hospitali za Barts jijini London, watafiti walijaribu maneno tofauti ya ujumbe wa simu unaotumwa siku chache kabla ya miadi. Ujumbe wa kawaida ulitaja tarehe, saa na mahali. Ujumbe mwingine uliongeza kwamba kutokufika kunaigharimu NHS karibu pauni 160. Haukutishia faini yoyote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopata ujumbe wa kawaida walikosa miadi kwa asilimia 11.1, na walioambiwa gharama walikosa kwa asilimia 8.4. Sentensi moja tu, tena isiyogharimu chochote, ilirudisha wagonjwa wengi kuliko vitisho.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake, na pengine ni zuri zaidi. Nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa walioanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi walitumiwa ujumbe kila wiki wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48: "Sawa" kama hana tatizo, au "Shida" kama lipo. Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na muuguzi.

Watu 538 walishiriki. Kati ya waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walizingatia dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya ambao hawakutumiwa. Utafiti huo ulihusu dawa, si miadi, lakini ufunguo ni uleule. Ujumbe haukumwambia mgonjwa meza dawa, wala haukumwambia utakiona. Ulimjulia hali, kama jirani anavyofanya, na ukampa nafasi ya kusema shida yake mapema.

Sehemu ya hospitali, sehemu ya mzazi

Kukataa faini hakumwondolei mzazi wajibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa miadi huzibwa kwa mambo madogo.

Kwanza, kabla ya kuondoka kliniki, uliza maswali matatu: miadi hii ni ya nini, kitatokea nini mtoto asipoletwa, na nipige simu namba gani nikikwama. Mzazi anayejua sababu ya kurudi hasahau kwa urahisi kama aliyepewa tarehe tupu. Kuuliza si ujinga.

Pili, kama siku uliyopewa inagongana na kazi, soko au mtihani wa mtoto, sema hapohapo. Karani anaweza kubadilisha leo kwa dakika moja kile ambacho kesho kitamchukua wiki sita.

Tatu, tarehe isikae kichwani kwa mtu mmoja. Ipige picha kwa simu, mtumie baba, bibi, dada wa kazi au yeyote anayeweza kumpeleka mtoto siku wewe ukizidiwa. Weka kengele ya simu mara mbili, siku mbili kabla na asubuhi ya siku yenyewe. Ukibadilisha namba ya simu au ukihama, hospitali iwe miongoni mwa wa kwanza kujua.

Nne, ukishindwa kwenda, toa taarifa, hata asubuhi ya siku hiyohiyo. Nafasi yako ni dawa ya mtoto wa mwenzako.

Tano, na hili ndilo muhimu kuliko yote: ukishakosa, rudi. Wazazi wengi hukosa mara moja, kisha hukosa mara ya pili kwa sababu ya aibu ya mara ya kwanza, wakiogopa kufokewa mbele za watu. Mtoto hapaswi kulipia aibu ya mtu mzima.

Hospitali nazo zina sehemu yao. Barua inayofika baada ya tarehe si kosa la mgonjwa. Simu isiyopokelewa si kosa la mgonjwa. Kliniki inayomwita mama saa mbili asubuhi na kumwona saa tisa alasiri inamfundisha kwamba muda wake hauna thamani, na siku moja atalipa kwa sarafu hiyohiyo. Na mhudumu anayemfokea mzazi aliyechelewa kurudi amekwishamtoza faini, tena nzito kuliko pauni 10, kwa sababu mzazi huyo akitoka hapo huenda asionekane tena.

Nchi zitaendelea kubishana juu ya pauni, euro na kroner, na huenda siku moja ikapatikana faini inayofanya kazi bila kumwonea maskini. Mpaka hapo, ushahidi uliopo unaelekea upande mmoja: watu hurudi hospitali wanapokumbushwa, wanapoelewa kwa nini wanaitwa, na wanapojua kwamba watapokelewa vizuri. Kwa mzazi mwenye kadi ya kliniki ndani ya mkoba, hatua ya kwanza ni kuitoa leo na kusoma tarehe iliyoandikwa.